Zamani Ndani ya Zamani

Hanifa binti Abdillahi hakai. Wateja wa siku nyingi wa studio yao ya picha pale Ipembe, mjini Singida, wanalijua hilo, na wapo wanaomtania kwamba kiti kilicho nyuma ya meza yake ni cha kutundikia mtandio. Anasafisha picha amesimama, anakata pasipoti amesimama, chai anainywa mlangoni huku akitazama barabara kana kwamba kuna mtu ameahidi kupita. Marehemu mama yake, Mboni, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa mwezi wa upepo. Na kweli, mwezi wa saba upepo wa Singida hauna adabu. Unasukuma milango bila kupiga hodi, unamwaga vumbi juu ya meza iliyofutwa sasa hivi, unapekua mabango ya maduka kana kwamba unatafuta jina lake. Hanifa akisimama mlangoni huwa ni kama wawili wanaojuana.

Mwaka huu mwezi huo ulimkuta na kazi inayotaka utulivu. Diski kubwa ya studio, ile nyeusi inayokaa pembeni ya kompyuta na waya wake wa umeme, ilikuwa imejaa. Alizeti imevunwa, harusi zimeanza kufuatana wiki hadi wiki, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata sendofu moja, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao.

Kujaa kwenyewe kulikuwa kazi ya baba yake. Mzee Abdillahi alirekodi shughuli za watu wa mkoa huu tangu enzi za kanda, na alipohamia kwenye kompyuta alihamia na hofu yake. Kila alipomaliza kazi, alinakili. Kila aliponunua diski mpya, alichukua ya zamani nzima, akaimwaga ndani ya mpya kwenye folda aliyoiita Zamani. Diski iliyofuata ikaimeza hiyo pamoja na Zamani yake, nayo ikaitwa Zamani. Ukifungua sasa unakuta Zamani, ndani yake Zamani, na ndani yake tena Zamani, kama sufuria zilizopangwa moja tumboni mwa nyingine, na bibi harusi yule yule anakata keki ile ile katika kila moja.

"Baba, maulidi hii iko mara nne," Hanifa aliwahi kumlalamikia.

"Na hujawahi kuikosa," mzee akajibu.

Siku hizi macho yamemchoka. Anakaa nyumbani Majengo na redio yake, na studio ni ya Hanifa, pamoja na Zamani zote zilizomo.

Alipata programu ya kutafuta nakala zilizojirudia na kuzifuta. Aliipenda kwa sababu haidanganywi na majina. Inalisoma kila faili toka mwanzo mpaka mwisho, inalipa alama yake, mfano wa dole gumba, halafu inalinganisha. Mafaili mawili yenye dole gumba moja ni kitu kimoja. Moja libaki, jingine liondoke. Hanifa aliiwasha asubuhi, akafunga mtandio vizuri, akaanza kutembea: mlangoni, mezani, mlangoni.

Haikufika mbali. Maandishi mekundu yakatokea kusema kuna faili halisomeki, na programu ikasimama kumngoja. Akaianza upya. Ikakwama kwenye faili jingine. Akaianza tena, lile la kwanza likasomeka bila neno, la pili likasomeka, ikaenda kukwama kwenye la tatu ambalo mwanzo halikuwa na kosa lolote. Hapo mtu anayejua kukaa angekaa, akajiuliza: diski iliyooza huoza mahali pamoja, sasa huu ubovu mbona unahama? Swali hilo Hanifa aliliona. Aliliacha lipite kama anavyoacha bajaji zipite. Chini ya maandishi mekundu palikuwa na kitufe kidogo cha kuruka makosa na kuendelea. Akakibonyeza. Programu ikaacha kulalamika, na roho yake ikamshukuru.

Wiki ikapita, na Alhamisi kazi ikaisha. Mafungu ya mafaili yanayofanana yalipangika kwenye kioo, na mwisho kabisa likaja fungu moja kubwa kuliko yote, la kushuka nalo mpaka kidole kinachoka. Yote haya, programu ilisema, ni faili moja lililorudiwa rudiwa. Hanifa akacheka peke yake. Baba huyu! Akapeleka mshale kwenye neno la kufuta.

"Hodi humu ndani."

Mlangoni alisimama msichana mwenye begi la safari, vumbi limemfika mpaka kwenye kope.

"Karibu. Ingia, ingia, upepo usije ukakubeba."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pasipoti?"

"Hapana. Naitwa Elina. Mimi ni wa mwisho kwa mzee Benjamin, wa Iguguno. Nafundisha chekechea Itigi, ndiyo naingia kutoka huko." Akaweka begi chini. "Sendofu yangu ni Jumamosi. Nimekuja kuchukua maneno ya baba."

Mkono wa Hanifa ukaondoka mezani wenyewe.

Habari ya mzee Benjamin aliijua tangu anajifunza kushika kamera. Alikuwa mkulima, mtu wa kanisani, mwenye mabinti watatu na kifua kilichokuwa kikimuishia. Alipoona hatafika kwenye harusi zao, alimwita Abdillahi. Akaweka kiti ukutani upande wa jua, akavaa shati la kijani, akashika kikombe cha maji. Kwao baba anapomtoa binti hujaza funda la maji mdomoni, akalipuliza mbele yake, kisha humwambia maneno. Abdillahi alimwona anavyohema, akamshauri aseme mara moja tu kwa wote watatu, apumzike.

"Watoto wangu si magunia, Abdillahi," Benjamin alimjibu. "Siwabariki kwa jumla."

Akasema mara tatu. Kiti kile kile, shati lile lile, maneno yale yale ya Kinyiramba, na jina la mtoto mwishoni kabisa, likitoka polepole kama mlango unaorudishwa na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala. Akaomba zitunzwe studio, kila moja itoke siku ya mwenyewe. Eliza akatolewa nyumbani kwa maneno hayo, na Luciana baada yake. Elina, wakati baba yake anarekodiwa, hata kufunga viatu alikuwa hajajua.

"Sauti yake siikumbuki," alisema sasa, akikunguta vumbi la mtandio. "Akina dada wananisimulia. Wananiigizia, kila mmoja kivyake, halafu wanabishana. Ndiyo maana nasema, ngoja nisubiri yangu."

Hanifa aliandika Benjamin kwenye nafasi ya kutafutia. Kutoka folda ya juu majina matatu yakaja: Baraka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yote matatu yalikuwa ndani ya lile fungu refu. Chini yake palikuwa na maulidi ya Majengo. Chini ya maulidi, mahafali ya wanafunzi wa Kiomboi. Chini ya mahafali, mnada wa ng'ombe ambao Mzee Abdillahi aliurekodi kwa sababu anazozijua mwenyewe. Shati la kijani, kaswida na ng'ombe: yote, programu ilisema, ni kitu kimoja.

Alipoelewa, alijikuta ameshika ukingo wa meza. Mafaili yaliyoshindikana kusomeka hayakuwa yamerukwa. Yalikuwa yamesomwa kama vitu vitupu, na vitupu vyote vina dole gumba moja. Kila kilichoishinda diski, programu ilikirundika hapo na kusema nimeona, ni kile kile, kibaki kimoja vingine viondoke. Angebonyeza, pengine wangebaki ng'ombe.

"Kuna nini, dada?"

"Hakuna."

"Mbona umeshika meza kama inataka kuondoka?"

Hanifa aliirudia kompyuta. Alifungua Baraka ya tatu. Kioo kikawa cheusi, maandishi mekundu. Akafungua tena, na safari hii ukuta ukatokea, jua likatokea, shati la kijani likatokea. Elina akaruka nyuma, akaziba masikio kwa viganja viwili.

"Usiniwekee! Ni ya Jumamosi!"

Hapakuwa na haja ya kuziba. Diski ilisema tak, kitaa chake kikazimika, mzee Benjamin akaganda na kikombe njiani kuelekea mdomoni. Kisha kitaa kikawaka, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Imekufa?" Elina aliuliza, viganja bado masikioni.

"Haijafa. Inazimia zimia."

Akatoka mlangoni, maana miguu ilikuwa imekwisha kukataa kutulia. Nje palikuwa na harufu nzito ya mashudu. Msimu huu jirani yake, Gasto, alileta mashine ya kukamua alizeti kwenye chumba kilichopakana na studio, na barazani walijaa wakulima waliokalia magunia yao wakingoja zamu. Ukuta wa studio ulikuwa unatetemeka mchana kutwa. Hanifa alikuwa amekwisha kuizoea kelele ile kiasi kwamba aliisikia pale tu ilipokatika. Mkanda wa mashine ulichomoka, Gasto akatukana kwa heshima, kukawa kimya.

"Dada!" Elina aliita kutoka ndani. "Kitaa cha hii nyeusi kimetulia."

Gasto akarudisha mkanda, akawasha. Mota ikavuta pumzi. Kule ndani, kwenye chumba cha kupigia picha, taa ikasinzia, ikaamka. Ilikuwa ikisinzia hivyo msimu mzima. Nayo alikuwa ameizoea.

"Kimezimika. Sasa kimewaka. Dada, kinafanya makusudi?"

Hanifa alisimama katikati ya milango miwili. Kompyuta ina betri yake tumboni, umeme ukilegea kidogo haina habari. Diski haina betri. Na stabilaiza ya studio, ya kusawazisha umeme, iliungua tangu masika, kila wiki akisema ataipeleka kwa fundi.

"Gasto! Zima mashine!"

"Kuna nini jirani, moto?"

"Zima kwanza!"

Gasto akazima. Hanifa akakimbia ndani, akatazama, akarudi. "Washa!"

"Jirani, hii si redio."

"Washa, nakuomba."

Ikanguruma. Tak. "Zima!"

Wakulima juu ya magunia walikuwa wameanza kucheka. Mmoja aliuliza kama huyu mama ndiye bosi mpya.

"Huyu?" Gasto alijifuta mafuta kwenye paja. "Huyu kwake hana kiti. Leo ameona na mashine yangu nayo ipate mazoezi."

"Gasto, sikiliza. Ukiwasha mota inavuta umeme wote wa ukuta huu. Diski yangu inakata. Video za watu zimo humo. Nipe mpaka jioni uzime."

"Mpaka jioni!" Aliwaonyesha wenzake kwa mkono. "Hawa wametoka Issuna na wamelalia magunia yao. Nikizima, watanikamua mimi. Na mafuta yangu hayafiki chupa."

Walicheka tena, na hata Hanifa alicheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Ndani Elina alikuwa amekaa kwenye kile kiti, begi miguuni, akiitazama diski kama mtu anayemtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani, asiyejua kama inafaa kumsemesha.

"Basi kamua," Hanifa akasema. "Nahama mimi."

Akaizima diski kwa taratibu zake zote, akaifunga ndani ya khanga, akaifunga tena, akaibeba kifuani. Elina akabeba kompyuta. Walipotoka, upepo ukawapiga ubavuni, na Hanifa, ambaye mji mzima unamjua kwa mwendo wake wa mtu anayekimbizwa na kitu, alikwenda mpaka Majengo hatua kwa hatua, akikwepa kila jiwe.

Mzee Abdillahi alikuwa ukumbini. Alitambua hodi ya bintiye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefunga duka mchana huu? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu."

"Shikamoo mzee," Elina akasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa mzee Benjamin, Iguguno."

Mzee alinyoosha mkono hewani mpaka Elina akaushika. "Yule mdogo," akasema. "Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni, unalilia maji ya kikombe. Tuliacha kurekodi mpaka ukanyamaza."

Hanifa aliweka diski mezani na kuichomeka. Hakukuwa na mota hapa, ni redio tu, nayo mzee akaizima bila kuambiwa. Kitaa kikawaka, kikabaki kimewaka. Akaanza kuzunguka meza.

"Kaa," baba yake akasema.

"Nimezoea kusimama."

"Meza hii mguu wake mmoja mbovu, na wewe unatikisa sakafu. Kaa, mwanangu. Hiyo kazi haitaki miguu."

Akakaa mkekani. Magoti yalikuwa yakimruka yenyewe. Elina akasema yeye atangoja uani, kwenye kamba ya nguo, asije akasikia kabla ya siku. Akatoka na kurudisha mlango.

Hanifa hajui Kinyiramba. Baba yake anajua cha sokoni. Kuzitambua baraka zile kwa sura haikuwezekana, na namba ambazo mzee alizipa mafaili hakuna aliyekumbuka kama zilifuata umri wa watoto. Ilibidi wasikilize kila moja mpaka kwenye jina. Ya kwanza ikaanza. Funda, kupuliza, maneno, pumzi ndefu ya kifua kibovu, maneno tena. Eliza. Ya pili: funda, kupuliza, maneno. Luciana. Ya tatu ikaanza, na Hanifa akagundua kwamba ameanza kuyajua maneno bila kuyaelewa, anajua pale sauti inapopanda na pale inapoketi. Ikapanda. Ikaketi. Benjamin akavuta pumzi ya kusema jina, na akaganda.

Alirudia. Akaganda pale pale. Akarudia tena, mdomo ule ule umefunguka nusu. Hapa kosa halikuhama. Kukatwa katwa kwa umeme wiki nzima kulikuwa kumeacha kidonda kimoja cha kweli, na kilikuwa kimechagua mahali pa kukaa.

Uani kulisikika upepo ukipiga shuka kwenye kamba. Hanifa akaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, baba. Nikamwambie."

"Umwambie nini, na hujamaliza kutafuta? Ingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Zamani."

Alifungua Zamani. Baraka ya tatu ilikuwamo, ikiwa na alama nyekundu ambayo programu ilikuwa imeiwekea ili ifutwe. Ikacheza vizuri mpaka katikati, ikaisha ghafla. Faili lilikuwa fupi kuliko ndugu zake.

"Hiyo itakuwa siku umeme ulipokatika nikinakili," mzee akasema, bila aibu. "Ingia tena."

Zamani ndani ya Zamani. Hanifa akaifungua baraka. Ukuta, jua, shati. Funda. Kupuliza. Alikuwa ameacha kutikisa magoti na hakujua ameacha saa ngapi. Sauti ikapanda, ikaketi, kifua kikavuta pumzi, ikawa ndefu kiasi kwamba alidhani imeganda tena, kumbe ni mtu tu anakusanya nguvu.

"Elina," mzee Benjamin akasema.

Mlango wa uani ulifunguka kidogo. Elina alikuwa ameziba masikio na macho ameyafumba pia, kama mtoto anayecheza kombolela. "Kanitaja?" aliuliza kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Hanifa alimwondolea kiganja kimoja sikioni. "Amekutaja."

"Vizuri?"

"Alivuta pumzi kwanza," Abdillahi akasema, "ndipo akakutaja."

Elina akakaa kizingitini. Alivua kiatu kimoja, akamwaga mchanga, akakivaa, kisha akavua kile kile tena.

Kabla ya kufanya lolote jingine Hanifa aliinakili ile baraka kwenye kompyuta, akaisikiliza tena mpaka jina, akainakili mara ya pili kwenye flashi, akaisikiliza. Kompyuta ikamuuliza folda hii mpya iitwe nani. Akaandika jina, halafu akalisoma kwa sauti ili baba yake asikie: Zamani. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Lile fungu refu Hanifa akalifunga bila kufuta hata kimoja. Jumapili Gasto hufunga mashine kwa ajili ya kanisa. Siku hiyo ataianza kazi upya, na kile kitufe cha kuruka makosa hatakigusa.

Jumamosi alikwenda Iguguno na kamera yake. Ukumbi ulikuwa umejaa, Eliza na Luciana wamekaa mbele na sare zao, wakibishana chinichini kama baba yao alikuwa na ndevu. Muziki ulipozimwa, shati la kijani likatokea kwenye ukuta mweupe, kubwa kuliko mtu. Elina alisimama mbele yake peke yake. Mzee Benjamin alipopuliza lile funda la maji, kina mama wa mbele walifuta nyuso zao.

Ilipofika ile pumzi ndefu, MC, asiyeijua, alianza kuinua kipaza sauti akidhani imekwisha. Hanifa akamkata jicho. MC akashusha.

"Elina," baba yake akasema.

"Abee," Elina akaitika, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Nyuma ya kamera, Hanifa hakusogea.